Plagi Mfukoni mwa Fundi

Mama Mutheu aliponituma nikamwite Fundi, mdomo wangu ulisema sawa na moyo ukakataa. Mashine ya kuosha vyombo ilikuwa imesimama na maji machafu tumboni, harusi ilikuwa imepamba moto katika holi la Kaloleni, na sahani za pilau zilikuwa zinarudi jikoni kwetu kreti baada ya kreti. Si sahani zilizonitisha. Sahani huoshwa hata kwa mikono. Kilichonitisha ni kwamba kati ya sisi wote wa jikoni, ni mimi tu niliyejua kuwa masikio ya Fundi yameziba. Na Fundi hutibu mashine kwa masikio.

Niliogopa ataumia. Kama haumii, niliogopa ataaibika mbele ya watu, na kwa mzee kama yule sijui ni lipi baya zaidi. Acheni niwaeleze alikuwa mtu wa namna gani, ndipo mtajua kwa nini Jumamosi ile nilitembea hadi Makongeni kama mtu aliyefungwa mawe miguuni.

Jina alikuwa nalo, na barua zilimfikia kwa jina hilo, lakini kwetu alikuwa Fundi. Mafundi ni tele Eastlands: wa viatu, wa milango, wa simu. Ila ukisema Fundi bila kuongeza neno, kuanzia Kaloleni mpaka Makongeni, watu walijua ni yule mrefu, mstaafu wa reli, wa koti la kijivu lisilo na vifungo, anayebeba vyombo vyake vya kazi ndani ya mfuko wa unga wa ngano. Humo hamkuwa na mengi. Bisibisi mbili, koleo, sponji, kikombe cha plastiki, na spoki ya baiskeli aliyoikunja ncha kama ndoano. Vijana wenye masanduku ya vyuma walimcheka mpaka walipoona mashine zao zimekataa na zake zinaimba.

Hakuwahi kuuliza mashine ina shida gani. Swali lake la kwanza lilikuwa moja siku zote. "Mara ya mwisho ilikula nini?"

Mwaka wangu wa kwanza pale jikoni, mashine iligoma kutoa maji, akaja, akauliza hivyo. Mama Mutheu, mwenye biashara, ambaye hupika na kukodisha vyombo vya harusi na matanga, alimjibu kwa ukali wa mtu aliyechelewa. "Ilikula sahani. Ingekula nini tena?"

"Mama, wewe ukienda kwa daktari unaumwa tumbo, utamwambia ulikula sahani?"

Akachota maji kwa kikombe, polepole, kikombe baada ya kikombe, mpaka sakafu ya mashine ikaonekana. Akazungusha kile chujio kilicho katikati, akakinyanyua, akakigeuza juani. Kilikuwa kimeziba kwa kitu cheupe, kigumu, kama ukuta.

"Nani alitia humu sufuria ya ugali?"

Mimi nikatazama dari.

"Ni huyu anayehesabu buibui," Fundi akasema. "Njoo, binti. Guza. Huu ni ukoko. Ukilowa unateremka, ukifika hapa chini unapoa, ukipoa unakuwa simiti. Hamkuosha sufuria, mmepiga mashine plasta."

Kila mtu alicheka, nami nikacheka nusu. Lakini alikaa chini na mimi juu ya kreti, akanionyesha njia nzima ya maji kwa kidole: yanaingilia hapa, yanapigwa hapa, yanachujwa hapa, pampu inayasukuma, yanapita kilango kidogo cha mpira kinachofunguka upande mmoja tu, halafu yanapanda kwenye mpira wa kutolea maji na kwenda zake. "Maji hayana ujanja," alisema. "Yakikataa kutoka, kuna kitu kimeyazuia au kuna mtu kayaonyesha njia mbaya. Usiikasirikie mashine. Yafuate maji."

Nilikuwa na darasa la nane na ndoto nyingi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kitu nikakiona kinatembea namna ile.

Halafu mwiko. Hili wageni hawakuliamini. Fundi aliomba mwiko wetu mkubwa wa kusongea ugali, akasimamisha ubapa wake juu ya mashine na ncha ya mpini akaitia sikioni, akafumba macho. Mtu asingethubutu hata kugonga kikombe. Akisikia pampu inanguruma bila kusukuma, anasema kuna kitu kimeshika mapanga yake. Akisikia kimya kabisa, anasema shida ni ya stima, si ya maji. Siku moja alisikiliza, akafumbua macho, akasema, "Kijiti cha meno." Tukafungua. Kijiti cha meno kilikuwa kimelala ndani ya pampu, kimekatika vipande viwili, na Ochi, dereva wetu wa kupeleka vyombo, alienda huku na huku siku nzima akisema yule mzee ni mchawi na mwiko ule asipikie mtu tena.

Ila kabla ya mwiko, kabla ya kikombe, kabla hata ya kusema habari zenu, palikuwa na plagi. Fundi alifuata waya kwa macho mpaka ukutani, akachomoa, akaileta plagi mpaka pale alipo na kuitia katika mfuko wa koti. Kama waya ulikuwa mfupi, aliisogeza mashine. Kama mashine ilikuwa nzito, alituita tuisogeze. Hakugusa maji kabla plagi haijalala mfukoni mwake, ukaona waya umetoka kotini kama mkia. Na kama wewe ndiye uliyetaka kutia mkono, alikuja mbele yako akafungua kiganja, kimya. Maana yake ilikuwa: nipe plagi, niione. Usipokuwa nayo, hugusi.

Siku moja nilimwambia, "Fundi, lakini stima imepotea. Mtaa mzima hakuna."

Akanitazama kama nimetukana. "Stima ikipotea inakuaga ikienda wapi?"

"Sijui."

"Basi hujui itarudi saa ngapi."

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikukunjika. Aliwaambia watoto wa Makongeni kwamba aling'atwa na simba reli ikipita Tsavo. Alimwambia Ochi ni mlango wa behewa. Mimi aliniambia siku aliyokuwa amechoka. Alikuwa kijana, mkono umo ndani ya pampu ya maji, stima imepotea tangu asubuhi, na kila mtu alikuwa na hakika haitarudi leo. "Ilirudi kidogo tu," alisema. "Kama mtu aliyesahau kofia, akaingia, akaichukua, akatoka tena. Ilitosha."

Kwa hiyo mtu angedhani Fundi alikuwa mwangalifu. Hapana. Mtu huyo huyo aliyefungia plagi mfukoni kama pesa alikuwa akivuka Jogoo Road bila kutazama kulia wala kushoto, koti linapepea, magari yanapiga breki na makondakta wanamtaja mama yake. Ukimwuliza, anasema gari lina macho mawili na dereva mawili, jumla manne, kwa nini aongeze yake. Alikuwa mzee wa kanisa na alikuja kazini Jumapili, kwa kuwa, alisema, maji hayaendi ibadani. Alichukia mashine za kuosha vyombo. "Mikono mnayo, na bado mnanunua dude la kuosha kijiko." Halafu akimaliza kulitengeneza alilipangusa kwa kitambaa mpaka kwenye miguu, akilisemesha kwa Kiluhya maneno ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasikia kutoka kwake. Mwenyewe, kwake nyumbani, sinki lilikuwa linavuja tangu nimjue. Aliwekea ndoo.

Kwa watu alikuwa mkali. Alimgombeza Mama Mutheu kwa kutia sabuni ya kufulia nguo ndani ya mashine, siku povu lilipotoka mlangoni na kuteremka ngazi, akamgombeza mbele ya wateja mpaka mama wa watu akaingia stoo kulia. Kesho yake asubuhi tulikuta maparachichi sita mlangoni, yamefungwa gazeti. Hatukumwona aliyeyaleta. Gazeti lilikuwa na alama ya grisi ya vidole vitatu.

Sasa nifike kwenye masikio.

Mwezi mmoja kabla ya harusi ile nilimpelekea chakula nyumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi, redio inawaka juu ya kabati, na Fundi amekaa mbele yake akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayefuata taarifa ya habari. Redio haikuwa katika stesheni yoyote. Ilikuwa inakoroma tu, kama mahindi yanayopasuka kwenye makaa. Nilisema hodi mara tatu. Nikaingia, nikasimama nyuma yake, nikasema hodi ya nne. Alikuwa bado anatikisa kichwa.

Nilirudi mlangoni polepole, nikagonga sakafu kwa mguu kwa nguvu ili atambue mtikisiko. Akageuka, akafurahi, akasema, "Karibu, binti, nilikusikia tangu getini." Nami nikasema asante. Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo, akija jikoni, nilikuwa nasimama mbele ya uso wake na kusema wazi, "Fundi, leo inanguruma sana," au, "Fundi, leo iko kimya kabisa," naye anauweka mwiko sikioni, anafumba macho, anasema, "Naam, inanguruma." Tulifanya hivyo mara mbili na ikapita.

Jumamosi ile alikuja akitembea mbele yangu. Tulipoingia jikoni, stima ilikuwa imepotea; muziki wa holini ulikuwa umekatika katikati ya wimbo na watu wakaanza kupiga makofi wenyewe. Mama Mutheu alikuwa amejishika kiuno. Ochi alikuwa ameegemea mlango na simu mkononi.

"Mathe, mimi nasema tupigie wale mafundi wa tao, mjini," Ochi alisema, bila hata kupunguza sauti. "Wanakuja na kakompyuta, wanachomeka, kanakuambia yote. Huyu mzae ataanza tena na mwiko."

Fundi alipita karibu yake akatabasamu. Hakuwa amesikia. Ochi akadhani amedharauliwa, akaanza kumtazama vizuri.

Fundi akaanza kama kawaida. Waya, ukuta, plagi, mfuko. Akafungua mlango wa mashine. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yamejaa mpaka yakafunika chujio chote.

"Ilikula nini?"

"Sahani za githeri, za jana," nikamjibu usoni. "Tulizikwangua zote, Fundi. Inasukuma maji, yanaisha, nikirudi baada ya dakika kumi yamo tena."

Hakuomba mwiko. Nilishukuru na nikaogopa pamoja. Aliomba majani ya chai. Mama Mutheu akampa mkebe, uso umejaa maswali. Fundi akachukua majani kidogo kwa vidole, akayanyunyiza juu ya maji karibu na chujio, akainama.

"Tazama," akaniambia.

Majani hayakukaa. Yalikuwa yanasogea, polepole sana, kutoka kwenye chujio kwenda pembeni. Stima haikuwepo, pampu imelala, na maji yalikuwa yanapanda.

"Haya maji hayajakataa kutoka," Fundi akasema. "Yametoka, na sasa yanarudi. Nani amehamisha mpira?"

Maji ya mfereji hutufikia siku mbili kwa wiki, na mimi, na ndoto zangu, nilikuwa nimeona vibaya yale ya mashine yakimwagika bure. Wiki ile nilikuwa nimepandisha pipa juu ya mawe matatu ya kujengea pale nje, nikauzamisha mpira ndani yake, ili tupate maji ya kupigia deki na choo. Nililitilia na bomba chini. Nilijisifu kwa kila aliyepita.

"Ni mimi, Fundi."

"Pipa liko juu kuliko mashine?"

"Ndiyo."

"Basi pipa ndilo linaloinywesha mashine. Na kile kilango cha mpira kingezuia, lakini kuna kitu kimekishika wazi." Akakunja mkono wa koti. Akanyanyua chujio. "Nitakitoa."

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilifanya alilonifundisha. Nilifuata waya kwa macho. Ulitoka mfukoni mwa Fundi, ukapita chini ya meza, ukapanda, ukaingia nyuma ya friji.

Nyuma ya friji.

Waya wa mashine ulikuwa palepale ukutani, umechomekwa. Nyaya zote mbili nyeusi, na mwanga hakuna. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kifundo cha kuzungusha. Stima ikirudi huendelea pale ilipoachia. Na kile kitufe cha mlangoni, kinachoifanya inyamaze ukiufungua, kilikuwa kimevunjika miezi mingi na tukakifunga kwa waya.

"Fundi," nikaita.

Vidole vyake vilikuwa vimeingia majini.

"Fundi."

Ochi akanyanyuka kutoka mlangoni. "Buda hasikii," akasema. "Mathe, huyu mzee hasikii. Mwangalie."

Mama Mutheu alifungua mdomo. Soketi ya mashine ilikuwa nyuma ya kreti za sahani, upande wa pili wa meza. Niliona kwamba nikiziruka kreti na kuchomoa plagi ukutani, nikimvuta koti, nikipiga kelele zaidi, mkono wake utapona, na kabla ya jioni Eastlands yote itajua Fundi alichomoa friji. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilipiga magoti mbele yake, mahali ambapo lazima anione, nikafungua kiganja chini ya macho yake.

Akakitazama kiganja changu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo. Akautoa mkono majini, akaupangusa kwenye koti, taratibu, jinsi alivyofanya kila kitu, akatia mkono mfukoni na kuniwekea plagi kiganjani.

Ilikuwa imezungushwa utepe wa buluu. Niliuzungusha mwenyewe nilipoitengeneza plagi ya friji, na yeye ndiye aliyenipa huo utepe.

Tulitazamana. Niliona maana yake inamfikia, ikashuka usoni mwake kama maji yanavyoshuka kwenye kuta za tangi. Ochi alikuwa anakuja.

Hapo mashine ikalia tik. Kitaa chekundu kikawaka. Pampu ikashtuka, na yale maji, pale vidole vyake vilipokuwa, yakajikunja yakaanza kuzunguka na majani ya chai ndani yake. Holini watu walishangilia muziki umerudi.

Fundi alisimama. Magoti yake yalilia. Akamgeukia Ochi, akasema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyejisikia, "Umeona? Umemwona huyu binti? Miaka yote nawaambia fuateni waya. Ni yeye peke yake aliyefuata."

Ochi alinitazama. Angalisema kitu. Alimtazama mzee, akaona mkono wa kushoto umening'inia kando ya koti, vile vidole viwili vimenyooka. Akaitia simu mfukoni.

"Amepasi, Fundi," akasema. Kisha akakumbuka, akasogea mbele ya uso wake, akarudia polepole, "Nasema, amepasi."

Nilizunguka kreti, nikachomoa ile plagi ya kweli, nikaivuta mpaka mbele, nikamtilia Fundi mfukoni kwa mkono wangu. Akaipapasa juu ya kitambaa. Akanionyesha shimo la chujio kwa kidevu. "Tia wewe."

Nikatia mkono. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilifuata njia aliyonionyesha siku ya ukoko, kwa vidole, bila kuona, nikapita mapanga ya pampu, nikafika kwenye kilango cha mpira. Ganda la punje ya mahindi, la githeri, lilikuwa limekunjamana kwenye bawaba. Kitu kidogo kama ukucha. Nililitoa nikamwekea kiganjani. Ochi akaenda nje kuteremsha pipa langu kutoka kwenye mawe, tukauning'iniza mpira juu ya ukingo usiguse maji, na mashine ikamwaga yote ikakauka. Mama Mutheu alikata kipande kikubwa cha keki iliyotoka holini, akakifunga gazeti.

Nilimsindikiza. Tulikwenda mpaka karibu na barabara kuu, yeye na mfuko wake wa unga wa ngano, mimi na keki. Akauliza bila kunitazama.

"Tangu lini unajua?"

Nikapita mbele yake ili anione. "Tangu siku ya redio."

"Redio ilikuwa inasema nini?"

"Ilikuwa inachoma mahindi, Fundi."

Akacheka. Alicheka mpaka akasimama, akashika ukuta wa duka, akafuta macho kwa mkono wa koti. "Na mimi," akasema, "nilikuwa nakubaliana nayo."

Tukafika Jogoo Road. Jioni ya Jumamosi, magari yanapita kama maji yaliyofunguliwa. Nilijiandaa kumkimbilia, maana nilimjua. Angeingia tu, koti linapepea. Lakini alisimama ukingoni. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama magari ambayo kwake yalikuwa yanapita bila sauti yoyote. Halafu akanyoosha mkono kando yake, ule wa kushoto, akafungua kiganja, akangoja.